Jani moja la nyanya lilivyoamsha kundi letu la bustani

Kwa miezi saba nilikuwa naongea peke yangu kwenye kundi letu la WhatsApp. Wanachama tuko 41, wote wa Ilemela na Nyamagana hapa Mwanza, wote wana bustani: mwingine ana robo eka Luchelele karibu na ziwa, mwingine ana viroba sita vya mchicha kati ya mawe ya Mabatini, ambako hata shimo la mgomba huchimbi bila kugonga mwamba. Mimi ni katibu. Kila Jumatatu nilituma tangazo, ajenda na kumbusho la ada. Nilichorudishiwa ni "asante katibu" mbili tatu, basi. Siku ya mkutano, chini ya mwembe Buswelu, tunajikuta tisa.

Iliniuma, maana nawajua watu hawa. Mkute mmoja wao bustanini kwake, atakushika mkono akupitishe tuta kwa tuta mpaka jua lizame. Sasa kwenye simu wanakuwaje mabubu?

Jibu lilikuja wakati wa masika, na lilikuja na hasara. Nyanya zangu zilikuwa zimefika kiunoni, zinaanza kutoa maua, nikaona mabaka ya kahawia kwenye majani. Mvua zilikuwa nyingi, nikasema hii ni bakajani. Nikanunua dawa ya ukungu, nikapiga mara mbili, mabaka yakazidi. Jioni moja nikachuma jani, nikalilaza kiganjani, nikapiga picha na kuituma kundini: "Ndugu zangu, nyanya zangu zinakufa. Nisaidieni."

Haikupita nusu saa. Mama mmoja wa Igoma, ambaye sikuwahi kuona hata salamu yake kundini, akatuma sauti: "Pole katibu, pole baba. Hilo jani usilitazame hivyo. Liinue juani, ulitazame kwa chini."

Jua lilikuwa bado halijaingia ziwani. Nikaliinua. Ndani ya baka, katikati ya ngozi ya juu na ya chini ya jani, kulikuwa na kiwavi mdogo kuliko punje ya mchele anajongea, na nyuma yake vidoa vyeusi vya kinyesi. Ukungu haukuwepo. Alikuwa kantangaze, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kusini aliyeonekana nchini kwetu mwaka 2014. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260, na dawa ya ukungu haimgusi kabisa. Wiki mbili nilikuwa namwaga fedha chini.

Usiku ule zilifika sauti 23. Chuma majani yote yenye mabaka uyafukie, usiyaache kwenye mtaro. Weka beseni la maji ya sabuni na kivutio chake chenye harufu ya jike juu, madume yatumbukie. Msimu ujao hapo usirudishe nyanya, wala viazi mviringo, wala bilinganya. Mpaka saa tano watu walikuwa bado wanabishana, na mimi nimekaa kitandani nasikiliza, machozi yananilenga.

Nilikuwa nimewapelekea watu taarifa zilizokwisha, hawana la kuongeza. Wao walikuwa na ujuzi wa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Jumatatu iliyofuata sikutuma tangazo. Nilituma picha ya sukuma wiki ya mwanachama mmoja, kwa ruhusa yake, na swali moja.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu wetu. Jani linapigwa picha mbili, juu na chini, likiwa limeinuliwa kwenye mwanga. Maelezo ni kwa sauti, isizidi dakika moja. Wengi wetu ni watu wazima, kuandika kwenye kioo kidogo kunawachosha, ila kwa sauti wanaeleza vizuri, na Kisukuma kikiingia katikati kinaingia tu. Video tumeziacha, zinakula bando.

Kwenye dawa tumekuwa wakali. Mwenzetu mmoja alipiga dawa kwenye mboga za majani na kesho yake akataka kuzipeleka sokoni. Nilimpigia simu pembeni, sikumsema mbele ya watu, na mboga hazikwenda. Sasa hakuna anayeruhusiwa kutaja dawa bila kutuma picha ya lebo, kwa sababu pale ndipo zimeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hizo mboga wanakula watoto wa watu.

Kilichovuta watu kuliko vyote, hata hivyo, ni mzee wetu wa Luchelele na magugumaji yake. Aliyavua ziwani, akayaanika mbali na maji yasije yakarudi, akayakatakata, akayapanga kwa matabaka na samadi ya ng'ombe. Kila Jumapili asubuhi anatusalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka", kisha picha: lundo lile lile, amesimama pale pale. Wiki ya kwanza lilimfika kifuani. Gugumaji ni maji matupu, kwa hiyo wiki ya tano lilikuwa magotini. Watu walikuwa wakiisubiri ile picha. Akichelewa, simu yangu inaita: "Katibu, mzee mzima huko?"

Walibaki wanachama wa simu za kitochi, zisizo na WhatsApp, wanane. Hao nilishindwa nao kwa muda mrefu, mpaka tulipokubaliana kila mmoja awe na jirani mwenye simu kubwa. Jirani anapita jioni, anamsikilizisha sauti za siku, anarekodi jibu lake. Bibi mmoja wa Kirumba amekuwa akijibu maswali ya mnafu kupitia simu ya mjukuu wa jirani yake, na majibu yake ndiyo yanayorudiwa kusikilizwa.

Jumamosi iliyopita tulikuwa 33 chini ya mwembe. Mama wa Igoma alikuja na miche ya nyanya chungu kwenye ndoo, akaigawa mmoja mmoja huku akiuliza kila mtu udongo wake ukoje. Wangu niliupanda jioni hiyo hiyo, pale zilipokufa nyanya. Picha nilipotuma, alijibu kabla sijanawa mikono: "Baba, hapo umekosea tena. Nyanya chungu ni ndugu yake nyanya. Ung'oe, uuhamishe."

Nimeuhamishia upande wa migomba. Umeshika.