Pointi Niliyonyang'anywa kwa Kushangilia

Nimeishi Japani kwa miaka saba, katika mkoa wa Aichi ambako viwanda vya magari ndivyo vinavyotupa kazi wageni wengi, na kwa miaka mitano ya hiyo nimekuwa nikijifunza kendo, yaani kupigana kwa upanga wa mianzi, katika ukumbi wa michezo wa mji ninaoishi. Ndugu zangu wa Tanga wakisikia hivyo huniuliza kama sasa naweza kuruka ukuta. Huwajibu kwamba mwaka wa kwanza nilichofundishwa zaidi ni kuingia mlangoni, kuketi, kuinuka, kuvaa na kupita nyuma ya watu waliokaa, na kwamba pigo langu zuri kuliko yote niliyowahi kupiga lilifutwa na waamuzi kwa utovu wa adabu. Hilo la pigo nitalifikia.

Jioni ya kwanza nilivua viatu mlangoni kama nilivyozoea tangu nilipokuwa mtoto wa chuo cha Kurani, nikaviacha palepale vilipoangukia, kimoja kimelala ubavu. Baada ya saa mbili nilivikuta vimepangwa pamoja, ncha zimeelekea nje, tayari kwa mguu wangu. Nilipouliza ni nani aliyenifanyia hisani hiyo, kijana mmoja alinionyesha kwa macho tu: alikuwa mwalimu mkuu, mzee aliyepita miaka 70, mwenye dani ya 7, yaani daraja la saba la ustadi. Hakuwa amesema neno, wala hakusema baadaye. Afadhali angenigombeza. Tangu siku hiyo sijawahi kuacha viatu shaghalabaghala popote, hata nyumbani kwangu ninakoishi peke yangu.

Siku iyo hiyo nilivaa koti la mazoezi nikalaza upande wa kulia juu ya ule wa kushoto. Mama mmoja wa makamo alinijia mbio mbio, akaomba radhi, akalifungua na kulifunga upya, kushoto juu ya kulia. Maelezo yalikuja baadaye, wakati wa kunywa chai: Wajapani huwafunga hivyo maiti wao wanapowaandaa kwa mazishi. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeingia mazoezini nimevaa sanda.

Kwa mtu aliyelelewa pwani, mengi ya mambo haya hayakuwa mageni kwa maana, ingawa yalikuwa mageni kwa umbo. Upanga wa mianzi ulioko sakafuni hauvukwi kwa mguu, na nilipokatazwa nilikumbuka jinsi tulivyokanywa kuruka miguu ya mtu aliyeinyoosha mkekani. Kupita mbele ya watu walioketi ni kosa, na ukilazimika unainama kidogo na kutanguliza mkono, jambo ambalo bibi yangu angelielewa bila mkalimani. Kilichonisumbua ni mpangilio wa wakubwa na wadogo. Kwetu anayeamkiwa ni mwenye umri: unampa shikamoo, naye anakurudishia marahaba, basi. Huku katika ukumbi hesabu huanzia siku uliyojiunga, na kwa hesabu hiyo mkubwa wangu, senpai wangu, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miaka 19, wakati mimi nilikuwa na 34. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za kofia ya kinga, na mimi ndiye niliyekaa chini yake katika mstari. Wiki za mwanzo nilijisikia kama mjomba aliyewekwa jamvi la watoto. Jambo lililonituliza ni kuona kwamba ukubwa ule ulikuwa na gharama: senpai ndiye aliyefika mapema kufungua madirisha, na wakati wa kufuta sakafu kwa matambara ya maji, tukiwa tumeinama viganja chini na kukimbia kutoka ukuta hadi ukuta, yeye ndiye aliyetangulia.

Suala gumu zaidi lilikuwa kuinama. Mazoezi huanza na kuisha kwa salamu za kuketi: unapiga magoti ukianza na goti la kushoto, unakalia visigino, unaweka viganja sakafuni mbele yako na kushusha uso hadi karibu na mikono. Muislamu yeyote akiiona picha hiyo atajua nilichofikiri. Ukumbi wetu ni mali ya mji na hauna madhabahu yoyote. Upande wa mbele una saa ya ukutani na bendera tu. Hata hivyo salamu ya kwanza huelekezwa huko mbele, kisha kwa walimu, kisha sisi kwa sisi. Nilimwendea mwalimu mkuu kabla ya mazoezi, nikamweleza kwa Kijapani changu cha kukwaruza kwamba mimi humsujudia Mungu peke yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba salamu ya mbele ni ya kushukuru mahali na waliopita hapo kabla yetu, na kwamba nikiona dhamiri yangu inanisuta niketi wima, mikono mapajani, wala hakuna atakayenikosoa. Nimefanya hivyo kwa salamu ya mbele hadi leo. Kwa walimu na wenzangu huinama, kwa sababu wao nao wananiinamia wakati huo huo na kwa kipimo hicho hicho. Tulipoalikwa katika ukumbi mmoja wa binafsi, ambao una madhabahu ndogo ya Kishinto, dini ya asili ya Wajapani, juu ya ukuta, mwalimu wetu alikwisha kuwaeleza wenyeji hali yangu kabla sijafika. Najua Waislamu wenzangu ambao wangeamua vingine, kwa ukali zaidi au kwa ulegevu zaidi, na sina ugomvi nao.

Ziko adabu ambazo nilizidharau mpaka nilipoelewa kazi yake. Upanga wetu umeundwa kwa vipande vinne vya mianzi vilivyofungwa pamoja kwa ngozi na uzi, na kabla ya kila zoezi kila mtu huukagua wake, akipitisha kidole taratibu kwenye kingo. Nilidhani ni ibada nyingine ya Kijapani. Kisha senpai akanionyesha ufa mwembamba kama unywele katika upanga wangu, akaubonyeza, kijiti kikachomoza. Kijiti kama hicho hupenya kati ya vyuma vya kofia, na nyuma ya vyuma hivyo pana jicho la mwenzako. Nilikuwa nimepiga nao vichwa vya watu jioni nzima.

Sasa niseme habari ya pigo. Mwaka wa tatu niliandikishwa katika mashindano ya mji. Mnaingia uwanjani mkiwa hatua tisa mmoja kutoka kwa mwingine, mnainamiana kidogo, kama digrii 15, bila kuondoleana macho, mnasonga hatua tatu, mnachuchumaa panga zikiwa zimeelekezana, ndipo mwamuzi mkuu anapotoa amri. Mpinzani wangu alikuwa mwalimu wa shule aliyenizidi kila kitu isipokuwa urefu. Aliposhusha ncha ya upanga wake kidogo tu, nilimpiga utosini kwa sauti iliyojaza ukumbi, na bendera tatu za waamuzi zikapanda pamoja. Nami, mtoto wa mitaa ambayo mtu akifunga goli huvua jezi na kukimbilia kwa mashabiki, nikainua ngumi juu.

Mwamuzi mkuu alisimamisha pambano na kuwaita wenzake wawili katikati. Walinong'ona kwa muda mfupi, wakarudi mahali pao, wakashusha bendera na kuzipunga zikipishana mbele ya miguu. Pointi ilikuwa imefutwa. Nilishindwa pambano lile, na sitaficha kwamba nilipokuwa nikivua kofia nilishaamua moyoni kwamba ningekuwa Mjapani wangeniachia.

Senpai ndiye aliyenirekebisha, tukiwa tumekaa koridoni na chupa za chai baridi. Aliniambia kwamba sheria ile huwaangukia hata wao, na kwamba katika kendo pigo haliishii linapotua. Linahitaji kitu kinachoitwa zanshin, maana yake moyo unaobaki: baada ya kupiga, mwili na akili vinabaki tayari kana kwamba adui bado anaweza kurudisha. Anayeshangilia ameuondoa moyo wake pale, kwa hiyo pigo lake halijakamilika. Na tena amemcheka mtu aliyekubali kusimama mbele yake ili apigwe na ajifunze. Shirikisho la Kendo la Japani, lililoundwa mwaka 1952, liliandika mwaka 1975 kwamba lengo la mchezo huu ni kuijenga tabia ya mtu kwa kufuata kanuni za upanga. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo ukutani mara nyingi, kama mtu anavyosoma tangazo la bei ya mchele.

Kabla ya kuondoka nilimtafuta yule mwalimu wa shule, nikakaa mbele yake kwa magoti, nikamshukuru kwa pambano kama desturi inavyotaka, nikaongeza kumwomba radhi. Aliinama chini kuliko mimi. Kisha akajipapasa utosi, akacheka, akasema lile pigo bado linamuuma.

Tulikutana tena mwaka uliofuata, katika ukumbi uleule. Safari hii pigo langu lilitua kwenye kifundo cha mkono wake, bendera zikapanda, nami nikageuka taratibu, upanga mbele, macho kwake, nikarudi mahali pangu. Ndani ya glavu kidole gumba changu kilikuwa kimesimama wima, lakini hakuna mwamuzi aliyekiona.