Kaka amerudi kwa makasia

Jana alfajiri nilikuwa mwaloni Igombe, hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria, nikimsubiri kaka na dagaa. Mtumbwi ukaingia kwa makasia. Pale nyuma inapofungwa injini pamebaki alama mbili tu za vishikizo kwenye ubao, na nyavu zinanuka petroli. Wamevamiwa usiku na watu wenye bunduki. Injini imekwenda, taa zote zimekwenda. Wavamizi wakatokomea gizani kuelekea kaskazini. Kaka na wenzake, wote wanne, wako wazima, Mungu ashukuriwe.

Vijana wa jeshi letu, JWTZ, walikwenda Kongo kulinda amani na Umoja wa Mataifa tangu 2013. Nawaheshimu mno. Desemba 2017 walipouawa zaidi ya kumi kule Semuliki, hapa nyumbani tulilia kama tumefiwa sisi. Lakini naomba kwa moyo wote: wanamaji wetu waletwe na huku, wafanye doria usiku. Ziwa hili tunapakana na Kenya na Uganda, na mpaka wenyewe ni maji matupu, hauna geti wala uzio. Mvuvi mwenye karabai atapigana na bunduki kwa kasia?

Kaka amekaa barazani, hajala tangu jana. Mkopo wa ile injini bado miezi saba.