Mafaili mawili ya Mama

Jumanne nilimpeleka Mama kliniki ya sukari. Tulitoka Tabata alfajiri ili tuwahi foleni, na saa mbili tulikuwa dirishani. Dada wa mapokezi akatafuta jina kwenye kompyuta, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kaka, mama yako ni yupi kati ya hawa wawili?"

Wote wawili ni yeye. Faili moja limeandika jina lake likiishia na u, jingine halina u. Moja linasema amezaliwa 1953, jingine tarehe 1 Januari 1954, ile tarehe wanayoandikiwa wazee wetu wasiojua siku waliyozaliwa. Dawa za presha ziko huku, vipimo vya sukari viko kule. Kwa hiyo daktari wa mwezi uliopita alimtibu nusu ya mama yangu.

Yule dada sikumlaumu. Mimi ni karani wa stoo Kariakoo, najua bidhaa moja ikiingizwa kwa majina mawili hesabu haikai, na kwetu ni betri na balbu tu. Watu ni wagumu zaidi. Uingereza walianza mwaka 2002 mradi wa kuunganisha kumbukumbu za wagonjwa wa nchi nzima, wakatumia mabilioni ya pauni, na mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja. Nchi yenye fedha na wataalamu wote wale! Hospitali kila moja ina utaratibu wake, na daktari hana muda wa kujaza kurasa sita wakati wagonjwa wamejaa kwenye benchi nje.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni kingine.

Niliambiwa nilete vipimo vya zamani vimechapishwa. Nikaingia steshenari ya jirani, nikamtumia kijana picha kwa WhatsApp. Alipofungua kompyuta yake nikaona majibu ya watu wengine yamejaa kwenye skrini, majina kamili, umri, vipimo. Moja lilikuwa la HIV. Nikageuza uso, ila nilikuwa nimeshasoma jina. Nikamwomba afute yetu, nikasimama pale mpaka akafuta, na kwenye simu pia. Hakukasirika. Alisema hajawahi kuombwa hivyo na mtu yeyote.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya zimo kwenye taarifa nyeti. Inanipa haki ya kuomba taarifa zenye makosa zirekebishwe, na nitaitumia. Ila sheria haikusimama nami pale steshenari. Wala haikunizuia mwezi Machi, nilipopiga picha majibu ya Mama na kuyarusha kwenye grupu la ukoo lenye watu arobaini na tatu, eti nawajulisha hali yake.

Usiku ule nilimweleza Mama kuhusu lile grupu. Alikaa kimya, akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Kumbe ndiyo maana shangazi yako aliniuliza habari za mguu mbele ya wageni. Mbona hukuniuliza kwanza, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nimemwomba radhi. Picha ile imeshapita muda wa kufutika kwa wote, kwa hiyo nawapigia simu mmoja mmoja waifute. Nimefika wa kumi na tisa. Jumatano tunarudi dirishani na kitambulisho cha NIDA na kadi zote mbili, ili Mama awe mtu mmoja.