Waya Niliouchomoa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juma hili nilikuwa nimekusudia kuwaandikia juu ya Zaburi ya 33, pale tunapoagizwa kumwimbia Bwana wimbo mpya na kupiga kwa ustadi kwa sauti ya shangwe, kwa sababu usharika wetu unajiandaa kwa tamasha la kwaya na vijana wamekuwa wakiuliza kama gitaa la umeme lina nafasi ibadani. Jibu langu ni fupi: linayo, ilimradi lipigwe kwa ustadi na kwa moyo safi, na Zaburi ya 150 haikuyaona haya matoazi yavumayo sana. Lakini nilipoandika maneno hayo mawili, moyo safi, kalamu ilisimama, na tangu hapo sijaweza kuendelea na yale niliyoyapanga.

Alhamisi jioni tulikuwa kwenye mazoezi. Ninyi mnaosali nami mnajua kwamba mimi hupiga gitaa la solo katika kikundi cha sifa, na kwamba kwa sababu ya umri wangu na uzee wangu wa kanisa, mara nyingi mikseri, yaani mashine ya kupandisha na kushusha sauti za vyombo, nayo huwa mkononi mwangu. Tulipofika kwenye sehemu ninayoipenda, niliona besi ya kijana wetu inalifunika gitaa langu. Sikusema neno. Nilinyoosha mkono nikaishusha sauti yake hadi chini kabisa, kisha nikaendelea kupiga, na kwa kweli gitaa langu lilisikika vizuri sana. Kijana yule, ambaye ana miaka 17, alipiga beti nzima akitazama spika, halafu akanitazama mimi. Mazoezi yalipokwisha akakunja waya wake taratibu, akaja akanipa shikamoo yake kama kawaida, akaondoka. Ni namna alivyoukunja ule waya, akiuzungusha kati ya kiganja na kiwiko, ndiyo iliyoninyima usingizi usiku ule, kwa kuwa nilikwisha kumwona kijana mwingine akikunja waya vivyo hivyo kwa sababu yangu, zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Nilikulia Moshi, na mwaka 1980 mimi ndiye niliyekuwa na miaka 17. Walioishi nyakati zile wanakumbuka hali ilivyokuwa: mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977, na haukufunguliwa hadi 1983, vita dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu kabla yake na kuiacha nchi imechoka, na madukani palikosekana sabuni na sukari, sembuse nyuzi za gitaa. Gari la baba wa mmoja wetu, Peugeot 404, lilikuwa limekaa uani juu ya mawe kwa kukosa matairi, na kwa hiyo banda lake lilibaki tupu. Tukaliomba, tukapewa. Tulikuwa vijana wanne, na tulitaka kupiga roki. Tulikuwa tumesikia kwamba Dar es Salaam palikuwa na bendi iitwayo Sunburst iliyochanganya roki na midundo ya kwetu, na habari hiyo ilitutosha kuamini kwamba jambo hilo linawezekana kwa vijana wa Kitanzania.

Nyumbani kwetu hawakulipenda. Baba yangu alikuwa mpiga tarumbeta wa usharika, na kwa Walutheri wa Kilimanjaro tarumbeta ni heshima iliyorithiwa tangu enzi za wamisionari wa Kijerumani. Kwake gitaa lilikuwa chombo cha baa. Hata hivyo hakunikataza, na leo namshukuru Mungu kwa uvumilivu wake, maana mkono huu unaomsifu Bwana kila Jumapili ulijifunzia katika banda lile.

Gitaa langu lilikuwa la umeme kwelikweli, kwani mjomba alilinunua Nairobi kabla mpaka haujafungwa. Nyuzi zake zilipochakaa hapakuwa na nyingine, basi tulizichemsha kwenye sufuria ya mama ili kuondoa jasho na uchafu, nazo zikarudisha mlio kwa siku tatu au nne, na uliokatika tuliufunga fundo. Kipaza sauti chetu kilikuwa redio kubwa ya mbao, ya zile zenye valvu za kioo ambazo hukaa kwanza kitambo zikipata moto ndipo sauti itoke, na nyuma yake kulikuwa na matundu ya kuunganishia santuri, nasi tukachomeka magitaa humo. Karatasi ya spika ilikuwa imechanika, tukaibandika kwa kipande cha gazeti na gundi ya unga wa ngano, na kile kiraka kilipotetemeka kilitoa mkwaruzo mkali ambao tulidhani ndio roho yenyewe ya roki. Nyimbo tulizinasa kwenye kanda kutoka Sauti ya Kenya, tukairudisha kanda kwa kuizungusha na kalamu ili kuokoa betri, tukisikiliza kipande kimoja mara 20 hadi vidole vikikubali. Serikali ilikuwa imezuia magari binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa mafuta, hivyo barabara zilinyamaza, na sisi tukisha kutoka ibadani tulipiga hadi jioni na kusikika hadi ng'ambo ya mto.

Mpiga besi wetu alikuwa mtoto wa mjane wa Machame, juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Hakuwa na mjomba wa kumletea chombo, kwa hiyo alikitengeneza mwenyewe. Alichonga bao moja la mninga kwa panga na kipande cha chupa, nyuzi akazitoa kwenye waya za breki za baiskeli ya marehemu babu yake, na cha kunasia sauti akakitoa kwenye mkono wa simu kuukuu iliyotupwa. Kila Jumapili aliteremka kwa miguu akiwa amelibeba lile bao begani, limefungwa khanga ya mama yake. Nawaambia bila kutia chumvi: yeye ndiye aliyekuwa mwanamuziki kati yetu. Mimi nilikuwa na kasi ya vidole. Yeye alikuwa na sikio.

Mwisho wa muhula tulialikwa kupiga kwenye bugi, yaani dansi la mchana la vijana, katika ukumbi mmoja wa mjini. Tuliazima amplifaya ndogo yenye matundu mawili, moja la gitaa langu na moja la besi, na mwenzetu wa gitaa la rizimu akabaki na ile redio. Kulikuwa na wimbo mmoja wenye solo ndefu ya namna ya mpiga gitaa Carlos Santana, ambayo nilikuwa nimeifanyia mazoezi miezi mitatu, na ndani ya ukumbi ule kulikuwa na watu ambao nilitaka sana wanisikie. Sasa, aliyewahi kupiga kwenye amplifaya dogo anajua kwamba besi ndiyo inayokula nguvu. Besi ikinguruma, solo inazama. Ilipofika zamu yangu niliona ninazama. Nikarudi nyuma hatua mbili kana kwamba ninacheza, nikauchomoa waya wake kwa kisigino.

Nilipiga solo yangu. Watu walipiga kelele za furaha. Nilipogeuka nilimwona bado anapiga. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya lile bao, kichwa amekiinamisha, hakuna hata sauti moja iliyotoka, na hakuinama kuuchomeka waya wake wala hakuacha, bali alipiga hadi mwisho wa wimbo. Halafu akaukunja waya kati ya kiganja na kiwiko, akalifunga bao lake kwenye khanga, akatuaga wote kwa heshima, mimi nikiwa mmoja wao, akapanda mlima kwenda kwao. Jumapili iliyofuata hakuja. Bendi ile haikupiga tena, na sisi tulisema kwamba ni kwa sababu ya mitihani.

Nimekaa na ushuhuda huu bila kuutoa tangu nikiwa kijana, nimeokoka nao, nimefunga ndoa nao, nimewekewa mikono kuwa mzee wa kanisa nao, na mara ngapi nimesimama mbele yenu nikaifundisha Wakorintho wa Kwanza sura ya 12, kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge ndivyo vinavyohitajiwa zaidi! Nilifundisha vizuri. Kisha Alhamisi mkono wangu ukafanya kwenye mikseri kile ambacho kisigino changu kilifanya mwaka 1980.

Basi niruhusuni niseme nanyi kama ndugu anayejikemea kwanza. Katika makanisa yetu waya nyingi zinachomolewa, na zinachomolewa na watu wanaompenda Bwana. Mama mjane anainua mkono kwenye kikao cha jumuiya, mwenyekiti anasema muda umekwisha, na muda unapatikana tena mara mfadhili anapotaka kusema. Binti mwenye karama ya kufundisha anaandaa somo mwezi mzima, na siku yenyewe inapofika tunamwambia asome tangazo. Mwanakwaya aliyetunga wimbo anasikia wimbo wake ukitambulishwa kwa jina la mwalimu. Hatuwapigi wala hatuwatukani, na ndiyo maana dhamiri haitusumbui. Tunawashusha sauti tu, nao kwa adabu waliyolelewa nayo wanaendelea kupiga bila kusikika, wakitupa shikamoo zetu, hadi Jumapili moja hawaji. Kisha tunaulizana katika kikao cha wazee kwa nini vijana wanahama, tukilaumu simu na dunia. Wapendwa, tuache. Kabla hujamlaumu aliyeondoka, jitazame kisigino chako. Bwana alisema kwa kinywa cha Amosi kwamba tumwondolee kelele za nyimbo zetu, naye aliwaambia hayo watu waliopiga vinanda vizuri. Hakukasirishwa na mlio, alikasirishwa na haki iliyokosekana chini ya ule mlio. Na wewe unayesoma ukiwa upande wa waliochomolewa, usidhani kwamba mbinguni nako hukusikika. Yule aliyemsikia Hana, midomo yake ikitikisika bila sauti kutoka, na kuhani akamdhania mlevi, hakuhitaji amplifaya.

Nilitamani kumalizia hapo, lakini Mathayo sura ya 5 haikuniachilia. Imeandikwa kwamba ukikumbuka, hapo madhabahuni, ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako uende zako, upatane kwanza na ndugu yako. Jumapili nilimwomba radhi kijana wetu mbele ya kikundi kizima, kwa sababu kosa lilifanyika mbele ya kikundi kizima, na radhi ya pembeni ingekuwa kumshusha sauti mara ya pili. Alinishika mkono akasema yamekwisha, na nikaona kwamba kweli kwake yamekwisha.

Ya Machame yalikuwa mazito zaidi. Nilipata namba kwa binamu yake siku ya Jumatatu, nikakaa na simu mkononi hadi Jumanne usiku. Alipokea. Tulisalimiana, tukaulizana watoto na wajukuu, kisha nikamwambia nilichokifanya, kwa kuwa sikuwahi kujua kama alijua. Alijua. Alisema alikiona kisigino.

Nikamuuliza kwa nini hakuacha kupiga. Akaniambia kwamba yeye alijisikia, kwani bao la mninga lilikuwa limeegemea kifuani na kila noti ilimfikia kupitia mbavu. Na kwamba mpiga ngoma, ambaye hakuwa akimsikia tena, alikuwa amekaza macho kwenye vidole vyake ili asipotee. "Ningeacha," alisema, "ngoma ingeanguka, na wewe ungeanguka katikati ya ile solo yako." Nilishindwa kusema. Naye akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, lakini bila kunirahisishia, kwamba tangu siku ile hakugusa tena chombo, na kwamba lile bao mama yake alilifanya kizingiti cha banda la kuku, na hadi leo lipo. Nilipoanza kumwomba msamaha kwa maneno yangu marefu, alinikatiza: "Hayo si ya kwenye simu. Njia ya kuja kwetu unaijua."

Nimekata tiketi ya basi la alfajiri ya Jumamosi. Jumapili hii sitapiga. Gitaa langu nimeliacha kwenye mfuko wake kando ya madhabahu, ufunguo wa chumba cha vyombo uko kwa katibu wa kwaya, na mikseri nimemkabidhi yule kijana wa besi. Niombeeni safari.