Majani Machungu Chini ya Mawe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi alinivuta kando: "Unatuongoza kuombea familia, na mdogo wako hujampigia simu tangu Pasaka." Nilimjibu kwa ukali. Siku tatu usingizi ukanipaa, na ombi langu likawa moja tu: Bwana, niponye upesi.

Jumatano mwanangu akaniletea kitabu chake cha wanyama. Kwanza nikamwona aksoloto, salamanda wa mifereji ya Xochimilco, Mexico. Akikatika mguu humwota mwingine, mfupa kwa misuli, bila kovu. Nikasema, Bwana, nifanye hivyo.

Nikafungua ukurasa wa pili. Pika, jamaa ya sungura, wa kujaa kiganjani, hukaa kwenye mawe ya milima ya Rocky, Marekani, kama wibari wa Zaburi ya 104. Baridi ikija hasinzii msimu mzima kama baadhi ya wanyama wengine, kwa hiyo kiangazi hurundika majani chini ya mawe. Tena hukusanya hata yenye sumu, asiyoweza kuyala siku hiyo! Sumu ile hulinda rundo lisioze, kisha hupungua taratibu, na theluji ikishafunika mlima, majani yale yale ndiyo chakula chake.

Wapendwa, hapo nililia. Neno la kweli likija kali, sisi hulitema papo hapo. Tunanuna, tunahama kikundi, tunahama hata kanisa! "Jeraha utiwazo na rafiki ni amini" tunalisoma vizuri tukiwaonya wengine. Ni nani aliyekuambia neno mwaka huu ukamkasirikia? Mchungaji? Mkeo? Mtoto uliyemzaa? Huwezi kulimeza leo, sawa, lakini usilitupe. Liweke. Waebrania 12 inakiri kwamba adhabu wakati wake ni huzuni, "lakini baadaye" huleta matunda ya haki. Ngoja hiyo baadaye, ndugu yangu. Siku ya baridi yako huenda aliyekuambia hayupo tena kulirudia.

Na Bwana wetu alifufuka na alama za misumari mikononi, akamwonyesha Tomaso. Ombi la kupona bila kovu nimeliacha.

Dada yule nimemwomba radhi. Ijumaa nilimpigia mdogo wangu, hakupokea. Nitampigia tena leo jioni. Mniombee.