Fizi Kwanza, Mfupa Baadaye

Mfupa uliopandikizwa kwenye taya ili kubeba implanti (skurubu inayoshikilia jino bandia) ukioza, mara nyingi tatizo ni uhaba wa fizi. Jino likishang'olewa, ukingo wa taya hupungua karibu nusu ya upana wake ndani ya miezi 12, na fizi nayo husinyaa. Daktari akiongeza mfupa, hana cha kuufunika. Huivuta fizi na kuishona ikiwa imekazana. Mshono ukifumuka, mate yanaingia na kazi yote inaharibika.

Ndiyo sababu ya kupanua fizi mapema. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1957 Charles Neumann wa Marekani alipanua ngozi kwa puto ili kutengeneza sikio. Kwenye taya siku hizi kipanuzi ni kipande kikavu cha hidrojeli, ambacho hunyonya majimaji ya mwili na kuvimba kama mbaazi zilizorowekwa. Ganda lake la silikoni lenye matundu madogo hukichelewesha, jeraha lipate kufunga kwanza.

Chale hukatwa pembeni, kamwe si juu ya kipanuzi. Mfuko unaochimbwa chini ya fizi lazima utoshe, na kipanuzi hufungwa kwa skurubu ndogo kisihame. Baada ya wiki kadhaa, kutegemea ukubwa wake, hutolewa na mfupa huwekwa siku hiyohiyo. Kisha miezi 4 hadi 6 ya kungoja kabla ya implanti. Implanti ya unene wa milimita 4 inataka ukingo wenye upana wa kama milimita 7.

Balaa kubwa ni kipanuzi kutoboa fizi. Husababishwa na mfuko mdogo, fizi nyembamba yenye makovu, sigara, au meno ya kuvaa yanayokandamiza hapo (yavueni, hata kama kuna harusi). Kikitoboa, hakirudishwi ndani: kinatolewa, fizi inaachwa ipone kabisa.

Kwa watu wa Mombasa, taksini (tonge) ya muguka, majani ya kutafuna jamii ya miraa, shavuni inasukuma mshono palepale. Iacheni mpaka daktari aruhusu. Na msipange upasuaji ndani ya Ramadhani, maana dawa ya kila saa 8 haiwezi kugawanywa kati ya futari na daku.

Pengo la jino moja lililopungua upana kidogo tu halihitaji haya yote. Hapo kulegeza fizi kwa chale ya ndani kunatosha, na anayesisitiza kipanuzi aulizwe kwa nini.