Miaka sita ya ngumi haikunisaidia MMA, mpaka nilipoanza upya na miguu

Mtu akikuambia kwamba bondia mzuri akiingia MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, atawavunja tu wenzake taya, usimsikilize. Mimi niliambiwa hivyo na watu watatu, mmoja wao mwalimu wangu wa ngumi, na kwa kuwaamini nilipoteza karibu mwaka mzima. Bado inaniuma.

Nilikuwa na miaka sita ya ngumi, Temeke, na mapambano tisa ya ridhaa. Siku ya kwanza ya sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako, nikapangwa na kijana wa mieleka, mwepesi kuliko mimi kwa kilo kama nne. Nikasimama nilivyozoea: ubavu mbele, uzito kwenye mguu wa mbele, mikono mashavuni. Jebu ya kwanza, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, ikampata. Ya pili, kabla mkono haujarudi, nilishalala chali naangalia bati. Mara saba ndani ya dakika tano! Kila nilipopiga, mguu ule wa mbele ulibaki palepale, naye anauokota kama ndoo. Nikajaribu kuinama kukwepa ngumi zake, nikakutana na goti. Nikafunika uso kwa mikono miwili, lakini glovu za ngumi za mazoezi ni mito ya wakia 16, wakati za mapambano ya MMA ni wakia 4 tu, na hata zile tulizovaa zilikuwa nyembamba. Konde likapita katikati, mdomo ukachanika.

Mwalimu wangu wa ngumi akasema, "Mwanangu, ongeza nguvu." Nikanunua begi zito, kama elfu themanini na ushee. Nguvu ikaongezeka, nikaendelea kuangushwa vilevile.

Nilianza kuelewa siku nilipoirudia video ya pambano la wapiganaji wa MMA Conor McGregor na José Aldo, Desemba 2015, huku nikitazama miguu peke yake. Watu husifu ule mkono wa kushoto wa McGregor uliomaliza pambano kwa sekunde 13. Lakini tazama chini: Aldo anajitupa mbele, McGregor anarudi nyuma kidogo, na ngumi inamkuta mtu aliyeileta taya mwenyewe. Nikaenda kwa Israel Adesanya alipompiga Robert Whittaker, Melbourne, 2019. Adesanya katoka kikiboksi, mchezo wa ngumi na mateke, na muda wote anapiga chenga za bega, za nyonga, za goti, mpaka Whittaker anarukia ndani na kukuta ngumi inamsubiri. Akaangushwa mwisho wa raundi ya kwanza, ya pili ikamaliza kazi. Mpigaji mkubwa wa MMA ni yule anayemiliki umbali, kwa sababu kwenye MMA mwenzako akikusogelea hana ngumi tu, ana mateke na anaweza kukubeba.

Basi nikachukua mpini wa fagio, nikafunga kipande cha godoro nchani kwa mpira wa tyubu, nikakipaka chokaa. Nikampa mpwa wangu wa miaka kumi na miwili. Kazi yake ilikuwa moja: nikirusha ngumi, anichome kiunoni au pajani. Nilivaa bukta nyeusi ili kila kosa lionekane. Jioni ya kwanza nilihesabu madoa meupe thelathini na moja, na sauti yake uani haikukoma: "Nimekugusa, mjomba!"

Fimbo ile ilinifundisha kukunja magoti badala ya kiuno, kusimama nikiwa nimetanua miguu zaidi, kuondoa mguu mara tu ngumi inapotoka. Baada ya wiki mbili yule mtoto akawa mjanja, hachomi mpaka aone bega langu limecheza. Hapo ndipo nilipojifunza kulichezesha bega bila kupiga: anachoma hewa, mimi nimeshasogea pembeni. Madoa yakashuka hadi matano, manne. (Usiegemee mguu wa mbele hata kidogo. Teke moja la kwenye shavu la mguu lilinifanya nichechemee wiki mbili.)

Nikamrudia kijana wa mieleka. Chenga ya kwanza hakujibu. Ya pili akashusha mikono. Ya tatu akaingia, nikarudi nusu hatua, mkono wa kulia ukamkuta njiani, akakaa chini. Akainuka, akagonga glovu yangu, tukaendelea. Siku hiyo aliniangusha mara moja tu, dakika ya mwisho, nilipochoka na mguu wa mbele ukabaki pale pake pa zamani.